Saa ya Thamani na Sekunde Kumi

Katika miaka ya 1970, karani mmoja aliyekaa karibu na Adams Arcade, katika barabara ya Ngong, alirithi kwa baba yake saa ya mkono ya Uswisi, ya kutiwa ufunguo, yenye thamani kubwa. Siku ya kuitwa mbele ya wakubwa wake mjini ili apandishwe cheo, alibisha hodi kwa wakati barabara, kwa saa yake. Kumbe jina lake lilikwisha kuitwa dakika tano zilizopita.

Saa haikuharibika. Ilikuwa ikipoteza sekunde kumi tu kila siku, na nani azionaye sekunde kumi? Lakini kwa siku 30 zilitimia dakika tano kamili. Ndani ya saa kama hiyo gurudumu dogo huyumba huku na huko, likipiga mara tano hata nane kila sekunde. Mafuta yakikauka, au saa ikilazwa vingine usiku, mwendo hubadilika. Baraza la Uswisi lipimalo saa hizo, lililoundwa mwaka 1973, huziangalia siku 15, katika joto la namna tatu, wala halikubali wastani wa kuchelewa uzidi sekunde 4 kwa siku, au kutangulia uzidi 6. Saa ya mkono ya betri yenye kwatzi, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1969 na leo ni ya bei ndogo, huzishinda zote. Jambo liwaudhilo wenye dhahabu mkononi.

Karani hakuiuza. Fundi aliisafisha, naye akawa akiisawazisha kila Jumatatu kwa mlio wa redio. Cheo alipewa mwingine.