Kumfundisha Mtoto Kulenga

Sisi wa Goma, bunduki hatuiiti mchezo. Tangu 1996 imetukimbiza mara mingi. M23 waliingia mjini Novemba 2012, na tena Januari 2025. Kwa hiyo, mtoto wa dada yetu alipotaka kujua kulenga, tulimpa upinde. Kwa Kinyarwanda mchezo huu unaitwa kumasha.

Shabaha yetu ni shina la mgomba: ni laini, halivunji mishale. Mguu wa kushoto mbele, vuta kamba mpaka shavuni, pumua pole pole, achilia.

“Mjomba, nimepata!”

Basi tunamwambia: nenda ulete mshale wako. Fundisho liko hapo. Mwenye upinde anatembea mwenyewe mpaka pale alipopiga, na anaona alichofanya. Mwenye bunduki, mara mingi, haendi kuangalia.