Ngeli Zilipokosa Kupatana

Kijana mmoja wa Ruring'u, katika mji wa Nyeri, alisomea Kiswahili chuoni na kujifunza lugha za tarakilishi kwa juhudi zake mwenyewe. Jioni moja majirani walimwomba aandae orodha ya waombaji basari, iliyohitajika asubuhi ya siku iliyofuata. Majina yote yalikuwa katika faili ya JSON, muundo wa data alioueleza Douglas Crockford katika waraka wa mwaka 2006.

Aliandika programu, akaiendesha. Jina la kaunti likatokea, lakini chini yake hapakuwa na mwombaji hata mmoja. Programu haikulalamika, ilinyamaza tu. Nyanya aliyeketi kando yake akauliza, "Mwanangu, na huyu wangu yuko wapi?" Kijana akakosa jibu.

Ndipo alipoifungua faili na kuichanganua kama sentensi ndefu. Data ilikuwa imepachikwa tabaka ndani ya tabaka: ndani ya kaunti ya Nyeri maeneobunge 6, ndani ya eneobunge la Nyeri Mjini wadi 5, Ruring'u ikiwemo, na ndani ya kila wadi, waombaji wake. Yeye alikuwa ameunda klasi moja pekee, akitarajia waombaji wakae bega kwa bega na jina la kaunti.

Akakumbuka somo la ngeli. Katika "kitabu cha mwanafunzi wa wadi ya Ruring'u", "cha" hukitii kitabu, "wa" humtii mwanafunzi, "ya" huitii wadi. Kila nomino hutawala upatanisho wa tabaka lake. Asemaye "kitabu cha mwanafunzi cha wadi" amebadilisha maana, wala hakuna wa kumkemea.

Basi akaunda klasi nne: Kaunti, Eneobunge, Wadi na Mwombaji, kila moja ikibeba orodha ya ile inayofuata. Penye mabano mraba aliweka orodha. Penye mabano ya mawimbi, klasi. Majina ya sehemu za klasi aliyalinganisha na yale ya faili herufi kwa herufi, kwa kuwa kisomaji alichotumia huacha tupu kila sehemu isiyopata jina lake.

Usiku wa manane majina yalijitokeza, la mjukuu wa nyanya likiwa miongoni mwao, chini ya Ruring'u yenye ritifaa yake kamili. Kosa linalopiga kelele hujisahihishia nusu ya njia. Linalonyamaza humla mtu haki yake. Tangu siku hiyo, kijana huhesabu kwanza majina yaliyomo katika faili, kisha yaliyotoka, kabla ya kumwambia yeyote kwamba hayumo.