Nyumba Iliyouficha Ua Wake

Nyumba husifiwa kwa uso wake, walakini habari zake hukaa uani. Neno hili sikulifahamu vema mpaka siku niliyopanda mlima wa Monticello, katika jimbo la Virginia, Marekani.

Thomas Jefferson, mwandishi wa Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, alianza kuijenga nyumba hiyo mwaka 1769, akaigeuza na kuikuza tangu 1796 hata 1809. Palikuwa shamba la ekari zipatazo 5,000, la tumbaku kwanza, kisha la ngano. Nyumba ni ya matofali, yenye nguzo nyeupe na kuba. Mtu asimamaye katika uwanja wa nyasi haoni jiko, wala ghala, wala banda la farasi. Vyote vimezamishwa ubavuni mwa mlima, na mapaa yake yamefanywa baraza za kutembelea. Njia ipitayo chini yaviunganisha na nyumba. Katika chumba cha kulia, mlango uzungukao, wenye rafu, uliingiza chakula. Na visanduku vilivyofichwa kando ya meko vilipandisha mvinyo kutoka chini. Sahani zilifika, mikono haikuonekana.

Karibu na nyumba ipo Mulberry Row, njia iliyokuwa na vibanda na karakana, ambako wavulana wa miaka 10 hadi 16 walifua misumari. Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake. Alikufa mwaka 1826, na Januari 1827 watu wapatao 130 walitiwa mnadani ili madeni yake yalipwe.

Nilitaka kumlaumu mwenye nyumba, ulimi ukaniwia mzito. Nyumba yetu Tanga ina kibanda cha uani, alimolala mpishi wetu kwa miaka 12. Nilikula chakula cha mikono yake kila siku, nami sikupata kuingia humo hata mara moja. Yeye hakuwa mtumwa: alilipwa ujira, akaondoka alipopenda. Tofauti hiyo ni kubwa, wala siifuti. Lakini desturi ya kula pasipo kuuliza moshi watoka wapi, niliitambua pale mlimani kuwa ni yangu pia.

Niliporudi nyumbani nilikifungua kibanda kile. Kilikuwa na dirisha moja dogo, nalo lilitazama ukuta.