Baridi Hutoka Chini

Bibi yangu alikuwa na kitanda cha miti kilichotandikwa majani makavu ya migomba. Majani yakichakaa aliyatoa, akawamwagia ng'ombe wayalalie, kisha akatandika mengine mapya yaliyonukia jua. Sisi wajukuu tulipolala kwake huko juu mlimani tuligombania blanketi, huyu akivuta huku na yule akivuta kule. Naye akiwa gizani alikuwa akituambia, "Acheni kuvutana. Ongezeni majani. Baridi hutoka chini."

Nilikuwa na umri wa miaka 6 au 7. Maneno yale niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba sikuyaona kuwa elimu. Baadaye nilikwenda shule, nikasoma sayansi, nikawa mkufunzi katika chuo cha ualimu na mwishowe mkuu wa chuo. Nilifundisha jinsi joto linavyosafiri na nikachora mishale ubaoni. Lakini usiku nilipohitaji maneno ya bibi kuliko siku nyingine yoyote, sikuyakumbuka.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona mzee wa miaka 74 akiandika kuhusu godoro la kulalia porini. Nina sababu yangu, nayo ni ya zamani.

Mnamo Desemba 1986 tuliwapeleka wanachuo 14 katika safari ya mafunzo mlima Kilimanjaro, kwa njia ya Machame. Hatukukusudia kufika kileleni. Nia yetu ilikuwa kuona jinsi uoto unavyobadilika kutoka msitu mnene, kupitia vichaka, hadi uwanda wa juu wa Shira, na kulala huko usiku mmoja au miwili. Tuliajiri waongozaji wawili na wapagazi wachache wa kubeba chakula na mahema. Vitu vingine tulibeba wenyewe, au niseme kweli, wanachuo ndio waliovibeba.

Mimi nilikuwa na godoro la sponji la unene wa inchi 4, nililolitoa nyumbani kwenye kitanda cha wageni. Nililikunja, nikalifunga kwa kamba ya katani, na kijana mmoja kutoka Mtwara akalichukua na kulitia kichwani kabla sijasema neno. Siku zile mwanachuo kumbebea mkufunzi mzigo lilikuwa jambo la heshima, wala hakuna aliyeliuliza. Mimi pia sikuuliza.

Mvua ilitunyeshea msituni. Sasa sponji ya kawaida ina vitundu vilivyofunguka, na kila kitundu hunywa maji. Godoro lililokuwa na kilo 4 asubuhi, sijui lilikuwa na kilo ngapi jioni. Najua tu kwamba nilimwona yule kijana mbele yangu akipanda matope huku maji yakimchuruzika mabegani, nikamwambia, "Jikaze, kijana." Akajibu, "Najikaza, Mwalimu."

Siku ya pili jua lilitoka, tukalianika juu ya mawe, na tulipofika Shira lilikuwa limekauka juu na lina unyevu kidogo ndani. Nililala juu yake. Wanachuo walilala juu ya turubai, kila mmoja na blanketi zake mbili. Zote mbili walijifunika. Hakuna aliyewaambia watandike moja, na mwenye kazi ya kuwaambia alikuwa mimi.

Kwenye saa 9 za usiku nilisikia naitwa. Kijana wa Mtwara alikuwa ametetemeka tangu saa 5, wenzake wakadhani ni homa. Sasa alikuwa ameacha kutetemeka, na hilo ndilo lililowatia hofu. Alizungumza maneno yasiyoshikana, ulimi mzito kama wa mlevi. Nilijua maana yake. Mwili unapotetemeka bado unapigana, lakini ukiacha kutetemeka huku ungali wa baridi, umeanza kushindwa. Tulimvua nguo zenye unyevu, tukamlaza juu ya godoro langu katikati ya watu wawili, tukamfunika kila tulichokuwa nacho. Alipoweza kumeza tulimnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi. Hadi kunapambazuka alikuwa anatetemeka tena, na sijawahi kufurahi kumwona mtu akitetemeka kama siku ile. Tulishuka naye asubuhi hiyohiyo.

Alipona, akahitimu, akawa mwalimu mzuri. Chuoni jambo lile liliandikwa kama "mwanachuo aliugua safarini". Taarifa hiyo niliiandika mimi.

Miaka ikapita. Mwaka 2024 mjukuu wangu wa kike, ambaye ni mwongoza watalii, aliniambia, "Babu, twende Shira tukalale usiku mmoja, kabla magoti yako hayajagoma kabisa." Nilikubali kwa haraka iliyomshangaza. Jumapili moja akaja na magodoro matatu ya kulalia porini, akayatandaza sakafuni sebuleni, akaniambia nichague. Mke wangu alisimama mlangoni akicheka kumwona mumewe analala chini mchana, akigeuka huku na huku kama mgonjwa anayepimwa.

La kwanza lilikuwa la povu gumu linalokunjwa kama mkeka, lenye uzito wa gramu 400 hivi. Ukilibonyeza unakumbuka soli ya kandambili, na ndivyo lilivyo: vitundu vyake vimefungwa, kila kimoja na hewa yake, kwa hiyo halinywi maji hata kidogo. Halitoboki wala halina kifaa cha kuharibika. Ubaya wake ni kwamba ni jembamba, na nyonga ya mzee alalaye ubavu inalijua jiwe lililo chini.

La pili lina sponji ndani na kifuniko kisichopitisha hewa. Ukifungua kizibo chake linavuta hewa lenyewe na kuvimba. Aina hii ilibuniwa Marekani, mjini Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wahandisi waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha ndege. Ni zuri kulalia, lakini hili lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja.

La tatu lilikuwa la kupuliza, jepesi karibu sawa na lile la povu, nalo likifungwa linaingia katika mfuko mdogo kama chupa ya maji. Mwanzoni nililidharau. Nilijua kwamba godoro la hewa tupu ni baridi: hewa iliyo ndani huzunguka, ikichukua joto mgongoni na kulipeleka ardhini. Mjukuu wangu akanieleza kwamba ndani ya hili mna karatasi nyembamba zing'aazo, zilizopangwa matabaka ili kuizuia hewa isizunguke na kulirudisha joto kwa mwenyewe. Nilipogeuka lilikwaruza kama mfuko wa biskuti. Bei yake ingeninunulia dawa za presha za miezi mingi.

"Usitazame unene, Babu," aliniambia. "Tazama namba." Kila godoro zuri siku hizi lina namba inayoonyesha linavyozuia joto lisipotelee ardhini. Zamani kila kiwanda kilijipimia kwa njia yake, lakini tangu mwaka 2020 hivi watengenezaji wengi wakubwa wanatumia kipimo kimoja. Namba 2 inatosha mahali pasipo na baridi kali, 4 au 5 kwa usiku wa jalidi, na 6 kwenda juu ni za theluji. Jambo lililonifurahisha kama mwalimu ni kwamba namba hizi zinajumlishwa. Weka la povu lenye 2 chini na la kupuliza lenye 4 juu yake, umepata 6, na lile la chini linamlinda mwenzake na mawe na miiba.

Nilichukua kalamu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Moshi iko kwenye mita 800 na kitu, na kambi ya Shira iko kwenye mita 3,800 hivi. Usiku Moshi ikiwa na nyuzi 20, Shira itakuwa na 2, na kama mbingu ni nyeupe bila wingu ardhi itapoa hadi kuganda. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya mwaka 1986 kwa dakika moja.

Kisha akanionyesha begi la kulalia lenye manyoya ya bata. Joto la begi hilo halitoki kwenye manyoya yenyewe, linatokana na hewa iliyonaswa kati yake. Ukiyalalia yanasagika, hewa inatoka, na upande wa chini wa mwili unabaki na kitambaa tu. Begi la bei kubwa juu ya ardhi tupu ni sawa na blanketi mbili za yule kijana. Bibi hakuwa na namba wala mizani, lakini alikuwa amefika hapo zamani.

Wiki ile nilipatwa na ugonjwa wa kupima. Niliazima mizani ya jikoni na kupima kila kitu: taa ya kichwani, soksi, sufuria, hata daftari langu. Nilijifunza kwamba anayetaka kupunguza mzigo asianze na mswaki. Aanze na vitu vinne vizito, yaani hema, begi la kulalia, godoro na shanta lenyewe. Humo ndimo kilo zinamofichwa. Shanta langu la turubai, nililolitunza miaka 30 kwa mapenzi, lilikuwa na zaidi ya kilo 2 likiwa tupu. Nililitundika tena ukutani. Nguo za baridi nilizipata katika mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi, maana sufu haijali kama imewahi kuvaliwa Ulaya.

Mwishowe nilichagua mawili, la povu na la kupuliza, moja juu ya jingine. Nilijiona mtu mwenye busara.

Jambo moja lilikuwa limebaki, nalo nililiahirisha siku tatu. Nilitafuta namba ya simu ya yule kijana wa Mtwara. Naye sasa alikuwa amestaafu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Ninakwenda tena Shira," nikamwambia, "na kabla sijaenda nataka kukuomba radhi kwa ajili ya lile godoro."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani umesahau."

Neno hilo lilinichoma zaidi kuliko lawama. Miaka 38 alikuwa amelibeba jambo hili akiamini kwamba ni yeye peke yake anayelikumbuka. Nilimweleza kila kitu, pamoja na taarifa niliyoandika. Nikamwalika tuje wote. Akacheka, "Hapana, Mwalimu. Baridi ile mimi nilishaimaliza." Tukazungumza juu ya watoto na pensheni. Nilipomweleza habari za magodoro yangu mawili na namba zake, alisikiliza kwa adabu ileile ya zamani, halafu akauliza, "Na mpagazi wako, Mwalimu, yeye atalalia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima soksi kwa gramu. Nilijua kwamba kanuni ya hifadhi hairuhusu mpagazi kubeba zaidi ya kilo 20, na kwamba mizigo hupimwa getini, na nilijivunia kwamba wangu ungekuwa mwepesi sana. Lakini usiku wa mpagazi haupimwi getini, nami sikuwa nimeufikiria kabisa. Nilimwuliza mjukuu wangu. Akatazama pembeni. "Inategemea, Babu. Wengine wana ya kwao. Wengine hujipanga hivyohivyo."

Tulikuwa na wapagazi wanne. Wenyewe huitana wagumu, na jina hilo ni la sifa, lakini nadhani pia linatupa sisi wengine ruhusa ya kutouliza. Lile la kupuliza lilirudishwa lilikotoka, na fedha zake zikanunua ya povu matano: manne ya wagumu, na la tano la kulazwa juu ya lile langu la kwanza. Mbili na mbili ni nne. Nyonga yangu haikupendezwa na hesabu hiyo, lakini ilitosha.

Shira ilikuwa kama nilivyoiacha, nyeupe kwa jalidi kabla hata ya saa 4 za usiku. Mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alilipokea godoro lake, akalibonyeza kwa dole gumba, akalinyanyua kwa kidole kimoja kujua uzito wake. "Hili hata mtoto analibeba," akasema, akaingia nalo hemani.

Kwenye saa 9 niliamka, kama nilivyojua nitaamka. Mgongo wangu ulikuwa na joto na nyonga ilikuwa inauma. Hema la wagumu lilikuwa hatua 10 kutoka kwangu. Nilitega sikio nikisubiri nisikie meno yakigongana au mtu akijigeuza. Nilisikia mmoja anakoroma, kisha wawili. Nikavuta begi hadi masikioni, nikalala hadi asubuhi.