Mtaa wa Mafundi wa Bunduki

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuona gobori la mzee kijijini, au bunduki ya askari wa wanyama. Leo twende tukautazame mtaa mmoja uliosifiwa sana kwa kutengeneza bunduki bora za marisau. Uko katika mji wa Birmingham, Uingereza, yapata maili mia kutoka London.

Mtaa huo waitwa Gun Quarter, nao uko kaskazini ya kati ya mji. Alama yake ni minara miwili myembamba ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Chad, lililojengwa kwa matofali mekundu na kutabarukiwa mwaka 1841. Juu ya altare yake kuu imehifadhiwa mifupa ya Mtakatifu huyo, aliyefariki mwaka 672. Karakana nyingi za jirani zilibomolewa miaka ya 1960 kupisha barabara kubwa, lakini majengo machache yamesalia.

Zamani hapakuwa na mtu mmoja aliyetengeneza bunduki nzima. Huyu alitoboa mitutu, huyu alichonga kitako, huyu alichora ndege juu ya chuma, na mwingine alipiga tupa mtambo.

Mtambo ndio roho ya bunduki. Katika gobori unaiona nyundo nje, ile inayopiga fataki. Ndani mna kamani yenye nguvu, na kijino cha kuizuia nyundo. Kidole kikivuta, kijino huachia. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kiwanda cha Westley Richards, waliuficha mtambo wote ndani ya chuma. Ukiikunja bunduki ili kutia risasi, mitutu ikiinama hutega nyundo zilizofichwa. Mwaka 1897 kiwanda hicho kikaleta mtambo unaotolewa kwa mkono mtupu, bila chombo chochote.

Sasa tazama jinsi fundi anavyolinganisha vipande. Huwasha taa ndogo, akakipitisha chuma katika moshi mpaka kikashika masizi, kisha akakitia mahali pake. Akikitoa, masizi yamefutika pale palipogusa. Hapo hupitisha tupa kidogo, akarudia tena na tena, mpaka chuma na chuma vikae pamoja bila nafasi. Na vile vya ndani kabisa, ambavyo huenda mwenye bunduki asivione maisha yake yote, huvisugua viking'aa kama kikombe cha Misa.

Tangu mwaka 1813 mji una Nyumba ya Kupimia, iliyowekwa kwa sheria ya Bunge. Humo mtutu hupigishwa baruti yenye nguvu kupita kawaida. Kama utapasuka, na upasuke humo, si usoni pa mtu. Ukistahimili, hugongwa muhuri. Bunduki isiyopimwa hairuhusiwi kuuzwa nchini humo.

Lakini muhuri hupima chuma tu, haupimi kazi ya bunduki. Katika karne ya 18 bunduki nyingi za Birmingham zilipelekwa Afrika ya Magharibi, zikabadilishwa kwa watu waliouzwa utumwani. Tajiri mmoja wa bunduki, Samuel Galton, alikuwa wa dini ya Quaker, wanaokataa vita. Wenzake walipomshitaki kwa kazi yake, aliwauliza kama mkulima wa shayiri ana hatia ya ulevi wa wanywaji. Mwaka 1796 wakamtenga.

Swali lake halijafa, msomaji. Hata kwetu aliyepika pombe husema, "Mimi sikumnywesha mtu." Basi, wewe mhunzi, seremala au mshonaji, jifunze kwa mafundi hawa kutengeneza vizuri hata pasipoonekana. Ukisha kumaliza, usiache kujiuliza kazi ya mikono yako inakwenda kwa nani, na inakwenda kumfanyia nini.