Simu Niliyoiacha Iite

Filamu niliyoitazama na wenzangu ni ya Marekani, Think Like a Man, ya mwaka 2012, iliyotokana na kitabu cha mchekeshaji Steve Harvey. Wanawake wanakisoma ili wawaweze wanaume. Wanaume nao wanakigundua, mchezo unageuka. Humo mna kanuni ya siku 90: usilale na mwanamume kabla hazijaisha. Tulicheka sana. Wenzangu walicheka wakaenda kulala. Mimi nikaenda kuifanyia kazi.

Mtu wangu alikuwa dereva wa Fuso, anapakia vitunguu soko la Misuna hapa Singida mjini, anapeleka Mwanza. Akisema nakuja Jumatano, anakuja Jumatano. Utulivu ule niliuona dharau. Anayependa, nilijiambia, lazima ahangaike kidogo. Basi nikaanza kumzungusha. Ujumbe nausoma, nauacha na tiki zake za bluu. Nimekaa bure kabisa, namwambia nina wageni. Kisha nikamwomba mdogo wangu, binti wa baba mdogo, amtongoze kwa laini yake. Akajibiwa: "Dada, nina mwenzangu. Usiku mwema." Mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikasema huyu anajua kujifanya.

Siku aliponipigia kutoka mlima Sekenke nilikuwa nimemchunia makusudi. Simu ikaita, nikaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Sifichi, nilifurahi, kila mlio niliuona ushindi. Kumbe klachi imekufa kwenye zile kona, mzigo wa watu mgongoni, na fundi wake, ambaye gereji yake iko jirani na kibanda changu, hapatikani kwenye simu. Alichotaka ni mimi nivuke barabara nikamwite. Gari likalala mlimani, mvua ikanyesha, turubai likavuja. Vitunguu vilifika vimeanza kuoza na hasara akakatwa yeye.

Aliporudi nilimweleza yote, pamoja na ile namba ya mdogo wangu iliyomtongoza. Ya namba, akasema, aliijua usiku uleule: alijifanya anaitumia hela, jina la mwenye laini likatokea, la ukoo ni langu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mimi mjanja sikuliwaza hilo.

"Nikanyamaza nione utafika wapi," akasema.

Nikawaka. Mimi niliyemtega nikamfokea yeye kwa kujua na kunyamaza, nikamwita mnafiki mbele ya wapakiaji. Hilo linaniuma kuliko Sekenke. Simu niliiacha bila kujua kuna shida gani. Pale sokoni nilijua kila kitu, nafasi ya kuomba radhi ninayo, nikaitumia kutafuta ushindi mwingine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akapanda gari.

Hela ya vitunguu nilimtumia kwa simu, kidogo kidogo, hadi ikatimia. Aliipokea. Hakujibu neno.