Kukosa siku si mimba kila mara

Hapa kambini msichana akikosa siku zake miezi miwili, maneno yanaanza: "Huyo ana mimba." Sisi vijana wa kujitolea tulimwona mmoja akifukuzwa nyumbani kwa maneno hayo. Alipopimwa, hakuwa na mimba.

Jamani, hedhi inaanzia kwenye ubongo. Ubongo unatuma ujumbe kwa tezi ndogo iliyo chini yake, inaitwa pituitari. Hiyo inaamsha ovari, nazo zinatengeneza homoni za estrojeni na projesteroni. Njaa ikizidi, ama hofu na mawazo mengi, ubongo unapunguza ule ujumbe. Mwili unaona huu si wakati wa kubeba mtoto. Homoni zinashuka, hedhi inasimama. Hata sisi wavulana, njaa ikikaa sana, testosteroni inashuka.

Basi tusiwe mahakimu. Tumsindikize dada kliniki apimwe, maana estrojeni ikipungua muda mrefu mifupa inadhoofika. Nanyi mnaotuhudumia, akija kwenu, kabla ya kumuuliza amelala na nani, muulizeni pia anakula mara ngapi kwa siku.

Na kama kweli ana mimba, bado ni dada yetu.